Lord Delamere: Ekari 100,000 kwa pauni 200 kwa mwaka

Ukipekua makaratasi ya ardhi ya enzi ya mkoloni Kenya, utakutana tu na Lord Delamere. Mlowezi huyu Mwingereza, aliyezaliwa 1870, aliingia nchini 1897 akitokea Somalia, akiwinda. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ikamkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka. Bwerere kabisa! Mifugo ikamfia, akalima ngano, nayo ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Wamaasai waliochunga Bonde la Ufa walihamishwa kupisha walowezi, kwa mikataba ya 1904 na 1911. Sheria ya 1915 ikaruhusu mashamba ya walowezi kukodishwa hadi miaka 999. Delamere mwenyewe alifariki 1931, akiwa na miaka 61.