Mekatilili wa Menza: Ngoma ya Matanga Yawa Ngoma ya Ukombozi

Aghalabu ngoma huainishwa kwa kuzingatia dhima: kuna za jando, za arusi, za mavuno na za matanga. Maisha ya Mekatilili wa Menza, Mgiriama wa pwani ya Kenya aliyezaliwa katika karne ya 19, yanadhihirisha kwamba dhima hiyo si pingu.

Kifudu ilikuwa ngoma ya matanga. Mnamo 1913, Waingereza walipodai kodi na vijana wa kuwafanyia kazi, Mekatilili aliicheza kijiji hadi kijiji. Nani angepuuza wito wa msiba? Watu walikusanyika, akawahutubia, kisha wakala kiapo katika Kaya Fungo kwamba hawatashirikiana na serikali. Oktoba alikamatwa, akahamishiwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Januari 1914 walitoroka, wakarejea kwao kwa miguu. Agosti serikali iliilipua kaya, na Mekatilili akakamatwa tena. Alirudi nyumbani mwaka wa 1919.

Basi mwanafunzi wa fasihi simulizi asiulize tu ngoma ni ya aina gani; aulize pia ni nani anayeicheza, wapi, na kwa haja gani.