Henry Molaison, jamaa aliyetuonyesha kumbukumbu zinakaa wapi

Kama umelelewa Lodwar au Kakuma, unajua kitu kimoja kilichotupa jina duniani: mafuvu. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu pale Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Walipochimba wakapata karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Lakini fuvu ni sanduku tu. Ubongo uliokuwa ndani ulioza zamani, na hakuna atakayejua yule kijana alikuwa anakumbuka nini.

Leo nakuletea stori ya mtu ambaye ubongo wake ndio ulibaki. Na kama kwenu kuna mtu aliyetibiwa uvimbe wa ubongo kwa mionzi, soma hadi mwisho, kwa sababu inamhusu. Mimi si daktari, chuo nilikiachia njiani, lakini haya yanaeleweka bila digrii.

Henry Gustav Molaison alizaliwa Februari 26, 1926, jimbo la Connecticut, Marekani. Mtoto wa pekee, babake fundi wa umeme. Akiwa mdogo aliangushwa na baiskeli, na wapo wanaodhani shida yake ilianzia hapo, ingawa kifafa kilikuwepo pia kwa jamaa za babake. Alipofika miaka 10 akaanza kupata kifafa kidogo, kile cha kupotea kwa sekunde chache halafu unarudi. Siku alipotimiza miaka 15, akiwa ndani ya gari na wazazi wake, kikaja kile kikubwa cha kutetemeka mwili mzima.

Shuleni walimcheka hadi akaacha. Baadaye akarudi, shule nyingine, akamaliza 1947 akiwa na miaka 21. Akapata kazi kiwandani, lakini kifafa hakikumpa nafasi. Alikuwa anameza dawa nyingi na bado anaanguka. Kufikia miaka 27 hata kazi ilikuwa imemshinda.

Hapo ndipo anaingia daktari wa upasuaji William Scoville, wa mji wa Hartford. Mwaka 1953 alimpasua Henry na kuondoa sehemu za ndani za ubongo, kushoto na kulia, pamoja na sehemu kubwa ya kitu kinaitwa hipokampasi. Unazo mbili, moja kila upande, ndani kabisa, usawa wa masikio. Wakati huo hakuna aliyejua vizuri kazi yake. Ilikuwa ni kujaribu.

Kifafa kilipungua sana. Kwa hesabu hiyo, matibabu yalifaulu.

Lakini Henry hakuweza kukumbuka njia ya kwenda chooni pale hospitalini. Wahudumu aliowaona asubuhi, mchana walikuwa wageni. Ungepiga naye stori poa kabisa, utoke kidogo, ukirudi anakusalimia kama hamjawahi kuonana. Mambo ya utotoni aliyakumbuka. Akili yake ilipopimwa kwa maswali ilikuwa sawa, hata juu kidogo ya wastani, na alipenda kujaza mafumbo ya maneno gazetini. Ilikuwa tu kwamba jambo jipya halikai. Baadaye alibeba karatasi mfukoni za kumkumbusha kwamba babake alishafariki, na kwamba mamake yuko katika nyumba ya wazee. Hebu fikiria kubeba habari ya msiba kwa karatasi, kwa sababu kichwa kimekataa kuishika.

Mwanasaikolojia Brenda Milner alitoka Montreal, Kanada, kuja kumpima, na mwaka 1957 yeye na Scoville wakachapisha ripoti iliyomtambulisha Henry kwa herufi mbili tu: H.M. Jina lake kamili dunia ililijua alipokufa. Milner alimpa zoezi moja la ajabu: kufuatisha mchoro wa nyota huku akiuangalia mkono wake kwenye kioo. Ni ngumu, jaribu uone. Kwa siku tatu Henry aliboreka kila siku, na kila siku aliapa hajawahi kuliona zoezi hilo. Kumbe mkono ulikuwa unajifunza mahali ambapo kichwa hakikumbuki! Hapo wanasayansi wakajua kumbukumbu si ya aina moja, na kwamba kumbukumbu mpya za matukio haziwezi kujengwa bila hipokampasi.

Sasa, mionzi inaingia wapi? Henry hakuwa na uvimbe na hakupigwa mionzi. Lakini mionzi inayoua seli za uvimbe inaweza kugusa pia sehemu nzima za ubongo, na hipokampasi ni mojawapo ya zile zinazoumia haraka. Madhara yanaweza kuonekana miezi au hata miaka baada ya matibabu kuisha. Kumbukumbu inapungua, umakini unayumba, kufikiri kunakuwa polepole. Si kila mtu. Inategemea kiasi cha mionzi, sehemu iliyopigwa na umri, na watoto ndio wako hatarini zaidi. Uvimbe wenyewe, upasuaji na dawa pia huchangia.

Picha ndiyo hii. Mtu ametoka Kakuma, akapita Lodwar, Kitale, hadi Nairobi. Wiki kadhaa za mionzi. Anarudi, nywele zinaota tena, kila mtu anamshukuru Mungu. Mwaka unapita. Unamtuma dukani vitu vitatu, analeta kimoja. Darasani alikuwa wa mbele, sasa anasoma ukurasa mmoja mara nne. Watu wanaanza: amekuwa mvivu, anajifanya, amerogwa. Hakuna anayeunganisha na yale matibabu, kwa sababu si alishapona?

Ndiyo maana stori ya Henry haijazeeka. Madaktari wa mionzi walichukua somo lake wakajiuliza: mbona tusiikwepe hipokampasi? Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani na Kanada wenye wagonjwa 518 ambao saratani ilikuwa imesambaa hadi kwenye ubongo. Wote walipigwa mionzi ya ubongo mzima na kupewa dawa ya memantini. Kundi ambalo mashine ilipangwa kukwepa hipokampasi lilihifadhi uwezo wa akili vizuri zaidi, na muda wa kuishi haukupungua. Haiwezekani kwa kila uvimbe, maana mwingine umekaa karibu sana na sehemu hiyo.

Kwa hivyo usikimbie mionzi. Inaokoa maisha. Ila kabla haijaanza, uliza: hipokampasi inaweza kukwepwa? Kumbukumbu itapimwa kabla na baada? Na aliyemaliza zamani akianza kusahau, mrudishe kliniki. Wakati mwingine sababu ni dawa, homoni, kukosa usingizi au huzuni, na hizo zinatibika.

Nyumbani, fanya kama karatasi za Henry: daftari, kengele za simu, jambo moja kwa wakati. Shuleni, mwombee muda wa ziada. Na kumbuka ile nyota. Anayesahau maelezo bado anaweza kujifunza kwa kurudia kwa mikono, iwe ni kusuka kikapu cha mkoma au kutengeneza boda.

Henry alikufa Desemba 2, 2008, akiwa na miaka 82, katika nyumba ya wazee Connecticut. Alikuwa amepimwa kwa zaidi ya miaka 50, nyingi kati ya hizo na mwanasayansi Suzanne Corkin. Mwaka 2009 ubongo wake ulikatwa vipande vyembamba 2,401 huko San Diego, watu wakitazama moja kwa moja kwenye intaneti. Kila mara alikubali kupimwa, lakini mtu asiyekumbuka jana amekubali nini hasa? Swali hilo bado linabishaniwa.

Kwenu yupo anayeweza kukumbuka kwa niaba ya mgonjwa: wewe. Siku ya kliniki, nenda naye, na uandike.