Matt Baker: Mtu mweusi aliyewachorea Wamarekani mapenzi

Na Mwandishi Wetu

MSICHANA wa Kimarekani aliyeingia dukani mwaka 1950 akiwa na senti kumi mkononi, aliweza kutoka na jarida zima la katuni lililojaa hadithi fupi za mapenzi. Alilisoma chumbani kwake mlango ukiwa umefungwa, akalia kidogo, kisha akamwazima rafiki yake.

Jambo ambalo msichana huyo hakulijua ni kwamba yule kijana mwenye macho ya huzuni na yule mrembo aliyesimama chini ya taa ya barabarani, huenda walichorwa na mtu mweusi, ambaye katika majimbo ya kusini mwa nchi hiyo asingeruhusiwa hata kuketi naye meza moja mgahawani.

Mtu huyo ni Matt Baker. Wapenzi wa katuni za zamani wanamhesabu leo miongoni mwa wachoraji bora waliopata kushika penseli nchini Marekani, lakini enzi za uhai wake wengi waliozipenda kazi zake hawakuwahi kulisikia jina lake.

Clarence Matthew Baker alizaliwa Desemba 10, 1921 katika jimbo la North Carolina. Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, kama zilivyofanya familia nyingi za watu weusi zilizoikimbia kusini katika miaka hiyo zikitafuta kazi na nafuu ya maisha.

Utotoni aliugua homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao ukishapita huweza kuuacha moyo ukiwa dhaifu. Kwa sababu hiyo, vita kuu ya pili ya dunia ilipofika na vijana wa rika lake wakaitwa jeshini, yeye alikataliwa. Moyo huo ndio uliomfanya asiende vitani, na ndio uliokuja kumwondoa duniani mapema.

Baada ya kumaliza shule aliishi kwa muda Washington, kisha akaelekea New York, ambako alisomea sanaa katika chuo cha Cooper Union. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 22, alibisha hodi katika karakana ya Jerry Iger.

Karakana za aina hiyo zilikuwa kama viwanda vya katuni. Wachapishaji waliagiza kurasa kwa hesabu, na ndani ya chumba kimoja huyu alichora kwa penseli, yule akapitisha wino, mwingine akaandika maneno. Mara nyingi kazi ilitoka bila jina la mtu yeyote. Malipo yalikuwa kwa ukurasa, na ukurasa ukishalipwa ulikuwa mali ya mchapishaji.

Kazi ya kwanza ya Baker inayojulikana kwa hakika ilitoka mwaka huohuo katika jarida la Jumbo Comics. Alisaidia kumchora Sheena, mwanamke wa kizungu aliyefanywa malkia wa msitu wa Afrika na kuwaamuru watu weusi. Msomaji wa huku kwetu akizitazama kurasa hizo ataishia kucheka au kukasirika, kwani Afrika ile haipo popote isipokuwa katika vichwa vya waliokuwa wakiiuza.

Mwaka uliofuata, 1945, alimchora Voodah, shujaa wa msituni katika jarida la Crown Comics. Tofauti na Sheena, Voodah alichorwa mweusi, na wapo wanaomtaja kuwa shujaa mweusi wa kwanza katika majarida ya katuni ya Marekani. Hakudumu. Muda si mrefu, kwanza katika jalada na baadaye hata ndani, Voodah aligeuzwa kuwa mzungu. Hapakuwa na maelezo kwa wasomaji. Ilitosha kubadili rangi.

Mwaka 1947 Baker alipewa kazi iliyompa sifa nyingi, na lawama nyingi pia. Alimchora Phantom Lady, binti wa seneta aliyepambana na wahalifu usiku akiwa amevaa nguo chache mno. Jalada la toleo la 17, la Aprili 1948, ndilo maarufu kuliko yote, na leo nakala yake nzuri huuzwa kwa maelfu mengi ya dola.

Hata hivyo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, anayetaka kumjua Baker asiishie kwa Phantom Lady. Amtafute katika hadithi za mapenzi.

Hadithi hizo zilikuwa jambo jipya. Joe Simon na Jack Kirby, wawili walewale waliombuni Captain America, ndio walioanzisha jarida la Young Romance mwaka 1947. Vita ilikuwa imekwisha, wasomaji walikuwa wamewachoka mashujaa wanaoruka angani, na wasichana waliokuwa wakinunua majarida ya maungamo ya mapenzi hawakuwa na katuni ya kwao. Young Romance liliuzwa sana, na ndani ya miaka mitatu wachapishaji wengine walimwaga madukani zaidi ya majarida 100 ya kuliiga.

Mmoja wa wachapishaji hao alikuwa Archer St. John wa New York. Baker alianza kumfanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1940, na haukupita muda akawa mchoraji wake mkuu. Teen-Age Romances, Pictorial Romances, Diary Secrets, Wartime Romances na Teen-Age Temptations ni baadhi tu ya majarida yaliyopambwa na mkono wake.

Kwa kawaida hadithi ya aina hii haikuzidi kurasa nane hivi. Msimulizi alikuwa msichana mwenyewe, akiungama kwa kutumia nafsi ya kwanza. Amekatazwa na wazazi kuonana na kijana fulani, naye anatoroka. Au ameuchoka mji mdogo na kijana mpole wa jirani, akavutwa na mgeni mwenye gari. Kurasa mbili za mwanzo ni furaha, tatu za katikati ni uongo na mashaka, na zilizobaki ni za kulipa deni.

Kwa wachapishaji wengi, deni hilo lililipwa kwa machozi. Msichana alifedheheka, akaomba radhi, akaokolewa na mwanamume mwenye subira. Kwa St. John mambo yalikuwa tofauti kidogo, na sababu ilikuwa mwandishi wake, Dana Dutch, aliyeandika nyingi kati ya hadithi alizozichora Baker.

Wasichana wa Dutch hukosea, tena sana. Hudanganya nyumbani, hukesha katika kumbi za dansi, hujikuta mahali wasipopaswa kuwapo. Lakini hutoka huko kwa akili zao wenyewe, wakiwa wamejifunza, na maisha huendelea. Mtafiti John Benson alipozikusanya baadhi ya hadithi hizo katika kitabu mwaka 2003, alikiita Romance Without Tears, yaani mapenzi pasipo machozi.

Maneno ya Dutch yalihitaji mchoraji wa namna ya Baker. Wachoraji wengi wa wakati ule waliwachora wanawake wote kwa sura moja wakibadilisha nywele tu. Baker alijua kuchora msichana anayesema uongo na anayejua kwamba mama yake haamini. Aliyaweka hayo katika bega lililoinuliwa kidogo, katika kidole kinachochezea ukosi wa koti. Nguo alizowavika zilikuwa za mitindo ya mwaka uleule, na zilikunjika pale ambapo nguo hukunjika kweli.

Ikumbukwe kwamba yote hayo yalichapishwa kwa rangi zilizochujuka, kwenye karatasi duni ya gazeti, kwa bei ya senti kumi.

Ndani ya kurasa hizo, wapendanao kwa kawaida walikuwa wazungu. Mwaka 1950 kampuni ya Fawcett ilijaribu kutoa jarida la mapenzi ya watu weusi, Negro Romance, lakini ilitoa matoleo matatu tu kisha ikaacha. Katika jimbo alikozaliwa Baker, ndoa baina ya mzungu na mtu mweusi ilikuwa kosa la jinai hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipobatilisha sheria za aina hiyo mwaka 1967. Kwa hiyo kila siku mtu huyu aliketi mezani akichora busu ambalo, lau angelitoa yeye nje ya karatasi, lingeweza kumfikisha pabaya.

Waliofanya kazi naye walimkumbuka kuwa mtanashati, mpole, mwenye suti zilizokaa sawasawa na asiyependa makuu.

Mwaka huohuo wa 1950 ilitoka kazi nyingine ambayo sisi wa vyumba vya habari tunapaswa kuipenda. It Rhymes with Lust ni riwaya nzima ya picha, iliyochapishwa na St. John kwa rangi nyeusi na nyeupe na kuuzwa kwa senti 25. Waliiandika Arnold Drake na Leslie Waller kwa jina moja la kubuni, Baker akachora, na Ray Osrin akapitisha wino. Shujaa wake ni mwandishi wa habari anayeitwa na mpenzi wake wa zamani, mjane tajiri anayeushika mji wa migodi kwa rushwa na vitisho. Inamlazimu achague kati ya mwanamke huyo, binti wa kambo wa mwanamke huyo, na ukweli wa kuchapishwa gazetini.

Leo kitabu hicho kinahesabiwa miongoni mwa riwaya za picha za mwanzo kabisa nchini Marekani. Wakati ule hakikupata wasomaji wa kutosha, na mfululizo uliokusudiwa haukufika mbali.

Dhoruba ilikuja mwaka 1954. Daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu kilichodai kwamba katuni zinawaharibu watoto, na kamati ya Baraza la Seneti ikafanya vikao mjini New York kulichunguza suala hilo. Katika mifano ya uchafu aliyoionyesha Wertham lilikuwamo jalada la Phantom Lady namba 17. Jina la mchoraji halikutajwa.

Jambo hili lina uchungu wake. Wertham hakuwa adui wa watu weusi. Tangu mwaka 1946 aliendesha kliniki ya gharama nafuu Harlem, na utafiti wake ulitumika mahakamani katika mapambano ya kukomesha shule za kibaguzi. Mtu aliyewatetea watoto weusi alimwanika mchoraji mweusi bila kumtaja.

Wachapishaji, wakihofia sheria ya serikali, walijitungia kanuni zao mwishoni mwa mwaka huo. Hadithi za mapenzi zilitakiwa kusisitiza thamani ya nyumba na utukufu wa ndoa, na wazazi waheshimiwe. Wasichana wa Dana Dutch hawakuwa tena na pa kutorokea.

Archer St. John alifariki mwaka 1955 na kampuni yake ikadhoofika. Baker aliendelea kutafuta riziki kwa wengine. Alichora mbwa Lassie, akachora wachunga ng'ombe, na akachora mapenzi yaliyopoa kwa kampuni ya Atlas, ambayo baadaye ilijulikana kama Marvel. Ukiziweka kurasa hizo kando ya zile za mwaka 1950, utaona mkono ni uleule, lakini anaowachora hawana tena cha kuficha.

Agosti 11, 1959 moyo wake ulisimama, jijini New York. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Hadithi ya mwisho inayotambuliwa kuwa na mkono wake ilitoka katika jarida la My Own Romance la Januari 1960, miezi mitano baada ya kifo chake. Ilihusu msichana aliyemwacha mwanamume aliyempenda.

Majarida ya mapenzi yenyewe yalikufa katika miaka ya 1970. Mwaka 2009 Baker aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa tuzo za Will Eisner, mwaka uleule na Jerry Iger aliyempa kazi ya kwanza, na mwaka 2012 kilitoka kitabu kizima kuhusu maisha na sanaa yake.

Kwa kuwa kurasa nyingi hazikuwa na saini, wakusanyaji bado wanazipitia moja moja, wakikagua vidole, mikunjo ya nguo na namna kichwa kinavyoinama, ili waamue ipi ni ya Baker na ipi si yake.