Msee Aliyeshikilia Ndai za Mbao Wengine Wakikimbilia Chuma

Ukichungulia lori za mzigo pale soko ya Chwele, zingine bado bodi ni mbao. Unadhani ni umaskini, sindio? Basi kaa chini nikupigie story ya H.F.S. Morgan.

Jamaa alizaliwa Uingereza 1881, mbuyu wake pasta. Alifunzwa uinjinia kwa karakana za reli kule Swindon, halafu 1905 akafungua gereji Malvern Link na kuendesha biashara ya basi. Yaani alianza kama wasee wa matatu tu. 1909 akaunda ndai ya magurudumu matatu, kama tuktuk hivi, lakini hii mawili yako mbele. Kufika 1911, moja ilikuwa imewekwa kwa dirisha la Harrods, duka la mabwenyenye wa London.

1936 ndio akatoa ya magurudumu manne. Hapa watu hukudanganya: chasi haikuwa mbao, ilikuwa chuma. Mbao ilikuwa fremu ya bodi, ile mifupa inashikilia milango na mabati ya nje. Alitumia eshi, mti mgumu wa Ulaya unaopinda bila kuvunjika. Huko hata mipini ya shoka hutengenezwa nao.

Mbona ashikilie mbao? Zamani hiyo ndio ilikuwa kawaida, hata Ford Model T ilikuwa nayo ndani. Kisha kampuni kubwa zikanunua mashine za kukandamiza bodi za chuma. Hizo mashine ni doo mob, na zinalipa tu ukiunda magari maelfu. Morgan aliunda machache. Msumeno, randa, gundi na fundi anayejua kazi vilimtosha. Hakuwa mshamba, alipiga hesabu. Kampuni kibao ndogo zilizotaka kushindana na wakubwa zilifunga, yake ikabaki.

Alidedi 1959 akiwa na miaka 77, kijana wake Peter akashika usukani. Karakana bado iko Malvern. 2020 ile chasi ya chuma ya tangu 1936 ikastaafu, alumini ikachukua nafasi. Na mbao? Bado iko ndani, bado ni eshi.

So wewe uko chuo cha ufundi hapo Kabuchai ukisomea useremala, na mabeshte wanakucheka ati utaishia vitanda na majeneza, watumie hii. Chuma imestaafu, mbao bado iko job.