Edward Saidi Tingatinga: Mchoraji Aliyeipa Thamani Rangi ya Baiskeli

Rusimbi, Kigoma – Mtindo wa uchoraji wa Tanzania unaofahamika zaidi duniani unabeba jina la mtu aliyechora kwa takribani miaka minne tu, Edward Saidi Tingatinga.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa nchi. Akiwa kijana aliondoka kwao kutafuta ajira, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, alikotumika katika nyumba ya mtumishi wa serikali ya kikoloni. Baadaye alikuwa mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji. Alitumia vipande vya mraba vya silingibodi pamoja na rangi ya mafuta inayong'aa, ya aina iliyopakwa kwenye baiskeli. Vifaa hivyo vya kawaida ndivyo vilivyounda mtindo wake. Aliipaka mandhari rangi moja, bila upeo wa macho wala kivuli, kisha akamweka mnyama au ndege mmoja aliyeenea karibu ubao wote. Mtazamaji hapewi mahali pengine pa kupeleka macho, naye chui au tembo huonekana yu karibu mno.

Picha hizo ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, huku mkewe, Agatha, akisaidia kuziuza. Biashara ilipokua, aliwafundisha ndugu na jamaa zake, wakiwemo Simon Mpata, January Linda na Ajaba Abdallah Mtalia.

Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 40, alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki dunia. Wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake.

Leo jina hilo hutajwa hata kwenye picha za watu wasiomfahamu. Kwa vijana wanaochora mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rusimbi hadi Ujiji, maisha yake yana mafunzo mawili. Mbao, bati na rangi ya mtumbwi vyatosha kuanzia. Na kazi ikishapata soko, mwenyewe aitie sahihi na kuilinda chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.