Gavana Schnee na Noti za Vita

Safari hii tumeona vema kuwasimulia habari za Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Wadachi katika nchi yetu. Alizaliwa mwaka 1871, akasomea sheria, akatumika New Guinea na Samoa, na mwaka 1912 akaletwa Dar es Salaam.

Vita ilipoanza Agosti 1914 alitaka bandari ziachwe bila mapigano. Jemadari Lettow-Vorbeck hakukubali. Manowari za Waingereza zikaifunga pwani, fedha mpya haikuweza kuletwa kutoka Ujerumani, nao wenye rupia wakazificha. Hatuwalaumu. Lakini askari walidai mshahara wao.

Basi mwaka 1915 zikaanza kuchapishwa noti humu humu nchini. Kwa jina zilikuwa za benki ya Wadachi, ila dhamana yake ilikuwa ni amana iliyowekwa kwa serikali ya gavana mwenyewe. Thamani yake ilikuwa tangu rupia 1 hata 200. Mambo yalipozidi kuwa magumu walitumia karatasi yoyote iliyopatikana, na mwaka 1917 nyingine zilipigwa kwa mihuri ya mpira huko porini. Mzee aliyezoea rupia inayolia ikianguka juu ya jiwe, karatasi ile ilimfaa nini?

Mwaka 1916 serikali ilikuwa Tabora. Katika karakana ya reli walitengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke, na za heller 20 kwa shaba ya maganda ya risasi. Neno letu hela limetokana na heller hiyo.

Tabora hiyo hiyo ndiko walikofungwa wamisionari wetu wa CMS, mpaka Wabelgiji walipoingia Septemba 1916.

Kwetu Ugogo majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nayo ilikosekana, ikaja Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Hapo hata rupia ya fedha haikununua mtama, kwa maana mtama haukuwapo.

Schnee alifuatana na jeshi hata Abercorn, wakaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918. Alirudi kwao, akaandika vitabu vya kuutetea utawala wa Wadachi, ambavyo sisi hatukubaliani navyo. Alifariki Berlin mwaka 1949.