Ole Evinrude, muzee wa moteri ya bwato

Kuko wenzetu wa Likasi ambao, wakiisha kutoka ku kazi ya mugodi, wanaweka makuta yao ya mwisho mu bwato na moteri, wanashuka Kasenga ao ku ziwa Moero kutafuta samaki. Moteri ikiungua, jasho la miaka yote limekwenda. Ndiyo maana leo tunaongea maisha ya Ole Evinrude. Wengine walimtangulia kufunga moteri nyuma ya bwato, lakini yeye ndiye aliyeieneza.

Alizaliwa Norwei mwaka 1877, wazazi wakahamia Marekani angali mtoto. Masomo aliacha mapema. Akiwa na miaka 16 aliingia kazi mjini Madison: mchana chuma, usiku vitabu vya mekanike.

Inasimuliwa kwamba siku moja ya joto, mwaka 1906, alipiga kafi ku ziwa Okauchee kumutafutia mchumba wake Bess krema ya baridi. Aliporudi, krema imeyeyuka yote. Sisi tunapenda zaidi kazi ya Bess: ni yeye alishika hesabu na barua wakati fabrike yao ya Milwaukee ilianza kuuza, mwaka 1909, moteri ya silinda 1, nguvu ya farasi 1,5, kilo 28.

Bess akagonjwa. Ole akauza sehemu yake, akasaini kukaa miaka 5 bila kutengeneza moteri. Alirudi 1921 na Elto: silinda 2, aluminiumu, farasi 3, kilo 22 tu. Mwaka 1928 ikafuata ya silinda 4.

Silinda zikiwa nyingi, maneno ya karbirateri yanakuwa mazito. Jikleri ni katundu kadogo kenye kupitisha esansi. Hewa inapita pale, inaivuta. Mu moteri nyingi za karbirateri, kila silinda iko na yake. Jikleri moja ikizibwa, silinda ile inakula hewa mingi na esansi kidogo, inachemuka sana. Na mu moteri ya tempo mbili, mafuta ya kulainisha yanapitia mule mule mu esansi, basi pistoni inakauka pia. Silinda zingine zinaendelea kuvuta, bwato inatembea, mwenyewe hashituki mpaka pistoni inakwama. Kwa hiyo tutoe buji zote, si moja: ya kahawia ni nzuri, nyeupe kama chokaa ni hatari.

Tena, hewa ya Likasi ni nyepesi. Fundi wa huku akitia jikleri ndogo, ku Moero, zaidi ya metre 300 chini, hewa ni nzito kidogo na esansi haitatosha. Jikleri ipimwe kule kule ku maji.

Bess alikufa 1933. Ole alimufuata Julai 1934, na miaka 57. Fabrike akabaki nayo mtoto wao Ralph.